Mwaka wa Kofia za Bwana Lali

Katika hitma ya Bwana Lali, kijana mmoja mwenye sauti nzuri alisimama akasema kwamba marehemu alikuwa mtu mpole, mtiifu, ambaye hakupata kubishana na mtu maisha yake yote. Nilikuwa na tonge la halua mdomoni. Nusura nimfuate marehemu. Kombo wa Kizingitini, aliyeketi ubavuni mwangu na mkongojo wake katikati ya magoti, alinipiga mgongoni kwa kiganja kile kile alichonipigia chini zamani, mpaka halua ikashuka. Kisha akaniinamia sikioni, akauliza kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya siri na msikiti mzima uliisikia: "Shee, kwani tumemzika nani?"

Naandika haya kwa ajili ya uongo ule tu. Mungu amrehemu Bwana Lali, amnawirishie kaburi lake, lakini mpole hakuwa. Alikuwa mbishi kiasi kwamba akiingia dukani bei hushuka zenyewe. Alibishana na muuza samaki juu ya jina la samaki, na daktari juu ya mahali lilipo ini lake mwenyewe, na punda wake juu ya nani alichoka kwanza. Kumsifu mtu kama huyo kwa upole ni kumvua nguo maiti. Mimi niliyekula sinia moja naye mwaka mzima, nikapigana mieleka kwa mafunzo yake, nikakosa Mombasa kwa sababu ya mdomo wake, nina haki ya kumtetea, na ninamtetea hapa: alikuwa mbishi, na lau si ubishi wake, mieleka ya visiwa vyetu ingekufa miaka ile ya hamsini kabla ndevu zangu hazijaota.

Maana mieleka yetu ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ilikuwa ya maji na mchanga. Uwanja wa Matondoni ulikuwa nyuma ya nyumba za mwisho, upande wa mashamba. Udongo wa pale ni mweusi, kwa hiyo Bwana Lali, ambaye kazi yake ilikuwa uchukuzi, aliuleta mchanga mweupe kwa punda wake kutoka upande wa pili wa kisiwa, mchanga mwembamba kama unga wa ngano. Kabla ya kushikana, kila mpiga mieleka alimwagiwa ndoo ya maji ya pwani kutoka utosini hadi nyayoni. Wageni walidhani tunapoozwa. La, mwili uliolowa hushika mchanga, na mchanga ulioshika mgongoni ndio ushahidi. Aliyegusa chini kwa mabega yote mawili ameshindwa. Aliyegusa kwa bega moja huinuka akaendelea. Mwamuzi akiamua jambo na mkufunzi wa upande mmoja asiridhike, basi huvua kofia yake akaitupa katikati ya uwanja, na hapo hata angekuwapo sultani wa Zanzibar asingeweza kuendelea mpaka mgongo usomwe. Ndivyo tulivyoita, kusoma mgongo. Hutoka wazee wawili, mmoja wa kila upande, wakamgeuza mpigaji kwenye jua, wakatazama mchanga umeshika wapi. Mkufunzi akiwa amepinga kwa haki, uamuzi hubadilishwa. Akiwa amepinga ovyo, kofia yake huchukuliwa na kijiji cha pili, na harudishiwi mpaka siku atakapopinga tena na akapatia.

Nanyi mnajua kofia ni nini kwetu. Si zile za dukani. Ni kofia ya kushonwa kwa mkono, vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, kazi ya miezi, na macho ya mshonaji yanabaki humo. Mwanamume kutoka kichwa wazi mbele za watu ni sawa na kutoka na kikoi begani. Kwa hiyo mkufunzi alifikiri mara mia kabla ya kutupa. Wote, isipokuwa mmoja. Juzi hapa mjukuu wangu alinionyesha kwenye televisheni mieleka ya ulimwengu, nikamwona mkufunzi mmoja wa kizungu, uso umemwiva kama pilipili, anarusha kitu laini chekundu ulingoni, na waamuzi wote wakaenda kutazama picha upya. Nikaruka kitini. Nikamwambia mjukuu: "Hao wametuibia! Hiyo ni ya Matondoni!" Akacheka. Acheke. Hakuna aliyeniletea ushahidi wa kunipinga.

Chakula cha Ijumaa tulikula kwa Bwana Lali, wapiga mieleka wote, tukitoka msikitini. Chumba chake cha mbele kilikuwa kirefu na chembamba, kuta za mawe zimepakwa chokaa, na ukiegemea chokaa inakufuata nyumbani. Tuliketi kwenye mikeka kuzunguka masinia mawili: wali wa nazi uliokauka vizuri, mchuzi wa papa mkali wa ndimu, na pembeni mikate ya mofa inayopasuka ukiigusa. Sisi tulikula kama moto unaokula makuti. Namkumbuka mmoja wetu aliyemaliza kichwa cha samaki changu pamoja na mifupa, na sidhani kama aliitafuna. Lakini nilichokuja kukisikiliza mimi, pamoja na wali, kilikuwa nyuma ya pazia. Pale alikuwapo Bi Esha, mkewe Bwana Lali, na jirani zake, wamemaliza kupika, wanashona kofia na kuzungumza kana kwamba pazia lile ni ukuta wa ngome.

"Mume wangu mimi," nilimsikia Bi Esha siku moja, "muadhini akiadhini, yeye hutoka nje kwanza akatazama yua limefika wapi."

"Akaona nini?"

"Akaona muadhini kakosea."

Wanawake wakacheka mpaka sufuria ikaanguka. Bwana Lali, tonge mkononi, akapaza sauti: "Siku ile alikosea kweli!"

"Haya, Bwana, alikosea," likaja jibu. "Kula wali wako."

Mwaka ule ulianza vibaya kwa kofia. Tulipocheza na watu wa Chundwa, mpigaji wetu mmoja alitupwa chini, mwamuzi akasema ameshindwa, na kila mwenye macho aliona ameshindwa. Hata mama yake aliona. Bwana Lali akatupa kofia. Wazee wakamgeuza yule kijana, mgongo mweupe kote kama kuta za msikiti. Chundwa wakaichukua kofia, na nilisikia waliivisha punda kijijini kwao, wakampa na jina: Bwana Lali. Ya pili akaitupa tulipocheza na wenyeji wa Lamu mjini, juu ya bega ambalo alidai ni mavumbi ya zamani. Ya tatu ikaenda Kizingitini. Kule mkufunzi wao, Bwana Haji, mtu mnene mwenye cheko la taratibu, aliipokea kwa mikono miwili, akaikung'uta, akaikunja vizuri ndani ya leso, akasema: "Kazi ya Bi Esha hii. Haramu kuivisha punda."

Njiani kurudi nilimuuliza Bwana Lali: "Bwana, ulikuwa huoni kwamba kijana wetu ameanguka?"

"Naliona."

"Sasa mbona umetupa?"

Akatembea kidogo, jua limempiga utosini, kichwa wazi, kipara kinang'aa kama sinia. "Kwa sababu mwamuzi yule hakuona. Alikisia. Alikuwa akitazama watoto wanaogombana kule nyuma, kisha akageuka akamkuta mtu yuko chini, akapuliza. Yeo amekisia sawa. Kesho je? Wacha anichukie, Shee. Lakini kesho mato yake yatakuwa mbele."

Nilifikiri ni kisingizio cha mtu aliyepoteza kofia. Bi Esha naye alifikiri hivyo hivyo, maana Ijumaa iliyofuata, nyuma ya pazia, alikula kiapo mbele ya majirani: "Sishoni tena. Atembee na kitwa chake kama alivyozaliwa. Macho yangu nayataka mimi." Na kweli Bwana Lali alitembea kichwa wazi tangu siku ile, Matondoni na mjini, na waliomcheka aliwatazama mpaka wakajikuta wanaangalia vidole vya miguu yao.

Upande wa pili wa maisha yangu mwaka ule ulikuwa shule ya usiku. Nilikuwa na miaka ishirini na sijui kuandika barua. Tulisomea mjini, katika chumba cha chuo cha Kurani kilichokuwa wazi baada ya magharibi, watu wazima tumekunja magoti nyuma ya meza za watoto: mwashi, washonaji wawili, mpishi wa Boma, na mimi, niliyekuwa nikitembea kutoka Matondoni hadi mjini, mwendo ambao nikiwasimulia wajukuu huwa unapita jangwa moja na mito miwili. Mwalimu wetu alikuwa Bwana Twaha, mtu wa Lamu, karani wa Boma. Sitamdhulumu. Alitufundisha bila malipo, kwa subira ambayo mimi nisingekuwa nayo kwa mbuzi, na siku nilipoandika jina langu ubaoni bila kukosea alinipa mkono kana kwamba nimekuwa gavana. Alikuwa amepelekwa Mombasa kwa mafunzo ya michezo, akarudi na firimbi shingoni, kaptura iliyopigwa pasi, na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Boma likamfanya msimamizi wa michezo yote ya visiwa. Na kwa kuwa ilikuwa Hali ya Hatari huko bara, hata huku kwetu watu hawakukusanyika, ngoma wala mchezo, bila kibali, na kibali kilipita mezani kwake.

Jioni moja, baada ya wenzangu kuondoka, alinizuia mlangoni. "Shee, kutakuwa na mashindano ya Pwani nzima, Mombasa. Kila wilaya itapeleka mpiga mieleka mmoja. Nawe ni mzuri."

"Mzuri sana, Bwana," nikasema, kwa kuwa sikupenda kumkatiza akiwa anasema kweli.

"Sikiliza. Mwenye kushinda hapa atakwenda. Nimezungumza na mtu Mombasa. Ukifika huko, kuna kazi ya mchana bandarini na shule ya jioni, shule ya kweli, yenye vyeti. Ukirudi hapa utakuwa karani. Unanielewa? Usikae Matondoni kuhesabu punda wa watu."

Nilirudi nyumbani bila kukanyaga chini. Mombasa! Nilikuwa tayari nimekwisha kujiona na viatu. Usiku ule niliandika jina langu ukutani kwa mkaa, na chini yake neno karani, herufi zinapanda mlima, na sikulifuta hata mvua zilipokuja.

Kisha likaja tangazo. Bwana Twaha alikuja Matondoni mwenyewe, akaketi chumbani kwa Bwana Lali, akala mofa, akasifu mchuzi, akasema alichokuja kusema. Katika mchezo wa mwisho, sisi na Kizingitini, hapatakuwa na ndoo ya maji, hapatakuwa na kusoma mgongo, hapatakuwa na kofia. Mwamuzi atakuwa yeye. Akipuliza, kwisha. Mkufunzi atakayepinga, kijiji chake hakitapata kibali cha mchezo wowote.

"Mombasa hawatupi kofia, Bwana Lali," alisema kwa upole. "Wakituona tunageuzana migongo uwanjani watatucheka. Mimi nataka watoto wetu wafike huko."

"Nawe ukikosea?"

"Nitakosea kama binadamu. Lakini uamuzi ni uamuzi."

"Basi mtafute malaika apulize," Bwana Lali akasema. "Binadamu mimi nitampinga."

"Utampinga kwa kofia ipi?" Bwana Twaha akauliza, akimtazama kipara. Hata sisi wapigaji wake tulicheka. Nyuma ya pazia hakucheka mtu.

Siku ya mchezo jua lilikuwa kali kiasi cha kuchemsha chai ndani ya sikio. Kizingitini walikuja kijiji kizima, nadhani hata kuku waliletwa. Wanaume walizunguka uwanja, na wanawake walikaa nyuma ya ua wa makuti, buibui kwa buibui, sauti zao zikija juu ya ua kama kelele za ndege. Wenzetu wa kwanza walipigana, mmoja akashinda, mmoja akashindwa, na Bwana Twaha aliamua vizuri, lazima niseme. Hapakuwa na ndoo. Bwana Lali alikuwa amesimama pembezoni, mikono nyuma, kichwa wazi, amefunga mdomo. Watu waliotoka Lamu kuja kumtazama akigombana walianza kudai haki yao.

Kisha, kwa pigano la kuamua, nikaitwa mimi na Kombo. Kombo wa leo mmemsikia, mzee na mkongojo. Kombo wa siku ile alikuwa na shingo nene kuliko paja langu, na kifua ambacho ukipiga hodi kitaitikia. Walisema alilelewa kwa kamba wakubwa wa Kizingitini, wale wenye ndevu, na kwamba aliwatafuna na magamba. Tulishikana. Nilimpiga ngwala ya kwanza, akayumba, hakuanguka. Akanikamata kiunoni, nikateleza kwa jasho. Tulikwenda hivyo muda mrefu; wajukuu zangu mimi huwaambia kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na huenda hata ni kweli. Jasho lilitutiririka kuliko ndoo yoyote. Mwisho nilimpata. Niliingiza mguu wangu nyuma ya wake, nikasukuma kwa kifua, tukaanguka wawili pamoja, mimi juu. Lakini Kombo hewani alijipindua kama samaki, na tulipofika chini sikuwa juu tena. Nilisikia mchanga wa moto begani kulia. Nikausikia begani kushoto. Kisha, kwa mshtuko wa kuanguka, tukabingirika tena, nikajikuta juu yake, na hapo ndipo Bwana Twaha, aliyekuwa amezuiwa na mgongo mpana wa Kombo, alipofika upande wetu. Akatazama. Akapuliza firimbi. Akainua mkono wangu.

Matondoni iliruka. Nilibebwa, nikashushwa, nikabebwa tena. Mtu alinipa shati langu mkononi. Nilimwona Kombo ameketi mchangani ananitazama. Nilimwona Bwana Haji amevua kofia yake, ameishika kwa vidole vyote kumi, na wazee wa Kizingitini wamemshika mkono. "Usitupe, Haji," mmoja alikuwa akimwambia. "Tuna harusi mwezi ujao. Hatutapata hata kibali cha ngoma." Bwana Haji akairudisha kofia kichwani, polepole, kama mtu anayefunika maiti.

Ndipo nikamsikia Bwana Lali. "Kofia!"

Kelele zikapungua. Alikuwa ameingia uwanjani, kichwa wazi, mkono ameunyoosha kwa watu wake, watu wa Matondoni. "Nipeni kofia. Napinga."

"Unapinga nini, Bwana Lali?" mtu akauliza. "Tumeshinda!"

"Hatukushinda. Kijana wangu ameanguka mabega mawili, nimeona kwa mato yangu haya. Mgongo usomwe. Nipeni kofia!"

Uwanja mzima ulikuwa na kofia, pengine mia tano, pengine elfu. Hakuna iliyotoka kichwani. Wanaume wa Matondoni walizishika kofia zao kwa mikono kana kwamba umekuja upepo. "Amerukwa na akili," mmoja akasema. "Mwaka mzima kapinga tukishindwa, leo anapinga tukishinda!" Mwingine akamwambia amekula kamba wa Kizingitini. Bwana Lali aliendelea kusimama, mkono umenyooka, anazunguka taratibu akimtazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakatazama kando.

Kitu kikaruka juu ya ua wa makuti. Kilianguka mchangani karibu na miguu yangu, kidogo, cheupe. Ilikuwa kofia ambayo haijaisha: kuzunguka kwake kumeshonwa vizuri, juu bado pako wazi, na sindano inaning'inia kwenye uzi. Kutoka nyuma ya ua sauti ya Bi Esha ilikuja kavu: "Hiyo. Itupe hiyo, na yule wa firimbi asome."

Bwana Lali aliiokota, akaitia kichwani kwa kitambo kidogo, upara wake ukitokeza juu, hakuna aliyecheka. Kisha akaivua akaitupa katikati ya uwanja.

Bwana Twaha aliiokota, akaipangusa, akamrudishia. "Bwana Lali, nilikwambia. Hapana kofia. Uamuzi umetoka." Akanigeukia mimi. "Shee, vaa shati."

Nililishika lile shati. Leo, nikiwa na meno machache na muda mwingi, watu huniuliza nilifikiri nini, wakitaka niwaambie kwamba nilifikiri haki, na ukweli, na maneno mengine makubwa makubwa. Nilifikiri viatu. Nilifikiri bandari ya Mombasa na shule yenye vyeti, na jina langu ukutani kwa mkaa. Nilifikiri pia kwamba nikilivaa shati lile, jasho litaufuta mchanga mgongoni, na hakuna mtu duniani atakayejua isipokuwa mimi na Kombo, na mtu mmoja mwenye kipara ambaye hakuna anayemwamini. Nilimtazama Bwana Twaha. Macho yake yalikuwa yananiomba. Alinitakia mema, yule mtu, naapa alinitakia mema, na hicho ndicho kilichonipandisha hasira: kwamba wema wake ulitaka ninyamaze, na kila wema niliowahi kutendewa na mwenye firimbi tangu siku ile umetaka jambo lile lile.

Nikaliachia shati likaanguka. Nikawageuzia watu mgongo, nikainama kidogo ili jua lipate vizuri.

Hakuna mzee aliyetoka kusoma. Hapakuwa na haja. Mtoto mdogo nyuma ya ua akauliza, "Mama, mbona mgongo wa Shee ni mweupe?"

"Uamuzi ni uamuzi," Bwana Twaha akarudia, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayejisomea. "Aliyeshinda ni Shee. Atakwenda Mombasa."

Nikageuka. "Bwana," nikasema, "nimeanguka."

"Umesema nini?"

"Nimeanguka! Mabega mawili. Huyu Kombo kanipiga chini kama gunia la nazi. Puliza firimbi mpaka mapafu yakutoke, mimi nimeanguka, na Mombasa siendi." Nilipiga kelele mpaka nadhani Pate walisikia. Mara nyingi maishani nimejisifu kwa kushinda, na mengi niliyojisifia hayakutokea. Siku hiyo moja nilijisifu kwa kushindwa, kila neno lilikuwa kweli, na sijapata kusimama wima namna ile tena.

Bwana Twaha aliivua firimbi shingoni, akaitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini, kaptura yake imejaa vumbi. Mtu wa kwenda Mombasa hakupelekwa mwaka ule, si mimi wala Kombo. Kibali walinyimwa Matondoni peke yao, kwa miezi mingi, na mimi nilirudi kwenye meza ya watoto shuleni siku ya pili yake. Bwana Twaha alitazama mlango, akaniona, akaendelea kuandika ubaoni, na nilisoma kwake mpaka nikamaliza. Ukarani niliupata, baada ya miaka, kwa mlango wa nyuma na bila bandari. Mwaka uliofuata tulipocheza tena, nani mwamuzi? Yeye. Na mbele ya uwanja kulikuwa na ndoo mbili za maji ya pwani, zimejaa mpaka juu.

Lakini chakula cha siku ile ndicho ninachokikumbuka kuliko mweleka wenyewe. Bi Esha alikuwa amepika masinia mawili kama kawaida, na Matondoni hakuja mtu. Wapiga mieleka wenzangu walipita mlangoni wakiongea kwa nguvu ili tusikie kwamba hawaingii. Mmoja alitema mate. Tuliketi kwenye chumba kile kirefu watu wanne: Bwana Lali, mimi, Kombo, na Bwana Haji, hawa wawili wakisema maji yametoka na hawawezi kuvuka mpaka yajae, ingawa mimi niliyaona maji na yalikuwa yamejaa. Bwana Haji alifungua leso, akatoa kofia ile ya Kizingitini, imekunjwa kama alivyoichukua, akamvika Bwana Lali kwa mikono yake. Kombo alijivutia sinia zima la pili, akanisukumia kichwa cha samaki kwa kidole kimoja, akasema, "Kula, Shee. Una kazi ya kujifunza kuanguka." Nikamrushia mfupa. Tukala.

Nyuma ya pazia kulikuwa na jirani mmoja tu aliyethubutu kuja, na hakuja kwa wema. "Bi Esha," akasema, sauti imejaa siki, "mumeo kautia mui wote aibu. Mwaka mzima anapinga! Amepata nini?"

Tulisikia uzi ukivutwa, ukikatwa kwa meno. "Kweli," Bi Esha akasema. "Mwaka mzima kapinga, kapinga, kapinga. Na yeo ndiyo mara ya kwanza amepatia."

Bwana Lali alikuwa na tonge mdomoni. Alilimeza zima zima, akainua kidole juu, kofia imekaa upande, akapiga kelele mpaka chokaa ikadondoka ukutani:

"Ya pili! Muadhini je?"